Nimerudia Star Trek na shangazi, na kuna dakika moja imekataa kunitoka

Hii ni Jumapili ya nne sasa. Nikimaliza kula natoka Rongai nashuka tao Nairobi, nachukua matatu ingine ya Buruburu, naenda kwa shangazi yangu tunaangalia Star Trek ile ya zamani kabisa, ile ya kina Kapteni Kirk na msaidizi wake Spock, na nilikuwa nimejiambia sitaandika kitu chochote mpaka tumalize zote lakini Jumapili iliyopita imenishinda, nimelala nayo nikaamka nayo, wacha tu niandike.

Kwa wale hawaijui, hii kitu ilianza kuonyeshwa huko Marekani tarehe 8 Septemba 1966, stesheni ya NBC, ikaisha tarehe 3 Juni 1969. Sizoni tatu, episodi 79. Aliyeitunga ni Gene Roddenberry. Kuna chombo kinaitwa Enterprise, tuko karne ya 23, wanazunguka kwa sayari ambazo hakuna mtu ameshawahi kufika, na kila wiki wanapata shida mpya. Ukiangalia leo utaona kuta zinatingika kidogo, na mawe ya sayari zote ni kama yametoka shimo moja, lakini mimi hiyo hainisumbui hata, nikisikia ule muziki wa mwanzo bado nywele za mkono zinasimama.

Niliionea hapo hapo kwa shangazi, mwisho mwisho wa miaka ya 80, likizo ya Agosti. Alikuwa na video deki, na kulikuwa na jamaa anaazimisha kaseti, kaseti moja ina episodi mbili, zingine zimeangaliwa sana mpaka ukifika katikati picha inaanza kuruka na inabidi mtu mmoja akae karibu na deki na kidole tayari. Watoto wa koti nzima ya nyumba za hapo walikuwa wanajaa sebuleni. Ikiisha tunatoka nje kuicheza, na vita ilikuwa nani atakuwa Kirk na nani atakuwa Spock. Mimi nikiwa msichana wakanipa Uhura. Nikalia. Nililia kabisa, kwa sababu nilikuwa nimemwona huyo Uhura, anakaa tu pale nyuma amewapa watu mgongo, ameweka kitu kwa sikio, anasema laini ziko wazi kapteni, basi.

Shangazi akanikuta kwa ngazi nalia, akaniambia, "Mama, hiyo kazi yake ndiyo kazi yangu." (Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake, susu yangu. Hiyo itakuja mbele.)

Shangazi alikuwa opereta wa simu. Aliingia kazini 1973 akiwa msichana tu, wakamkalisha mbele ya ile bodi ya nyaya na plagi, hedifoni kichwani, na hapo ndipo alikaa miaka na miaka. Ukitaka kupiga simu ya mbali wakati huo ulikuwa unabuku. Unaita opereta, unampa namba, unakata, unangoja, akipata laini anakupigia. Dakika tatu zikiisha anaingia katikati anauliza kama unaongeza. Anasema kitu cha kwanza unajifunza ni kusikia mtu nyuma ya kelele, kwa sababu laini za wakati huo zilikuwa zinalia kama mvua kwa mabati, na anayeongea yuko huko chini ya hiyo mvua. Wale waliomtangulia kazini walikuwa wanamhadithia vile simu za ng'ambo zilikuwa zinapitia redio kabla ya dishi la setilaiti la Longonot kufunguliwa 1970, sauti inapanda inashuka kama mtu anaongea akiwa kwa bembea. Na aliniambia kitu sitawahi kusahau, kwamba mtu mwenye habari ya msiba utamjua kabla hajasema, kwa sababu hataji namba haraka. Anaitaja polepole, moja moja, kama mtu anaweka vyombo vya udongo chini.

Kwa hivyo wakati nilipomwambia mwezi uliopita kwamba nimepata Star Trek yote kwa flashi, picha safi zile zilizosafishwa upya 2006, hakuuliza Kirk, hakuuliza Spock. Aliuliza, "Na yule msichana wa simu?"

Tumekuwa tunamfuata yeye. Hiyo ndiyo namna tunaangalia sasa, na nawaambia ukweli, ukiangalia Star Trek ukimfuata Uhura unaona kipindi kingine kabisa. Wakati kapteni anaongea na adui kwa ile skrini kubwa, angalia nyuma, angalia mkono wa Uhura, umeshika kile kifaa cha fedha kwa sikio na uso wake umeinama kidogo upande. Shangazi alisimamisha picha hapo. Akasema huyo dada hajifanyi, huyo anasikiliza kweli, mtu akisikiliza kweli macho yake huwa hayaangalii kitu.

Jina lenyewe la Uhura mnajua limetoka kwetu. Nichelle Nichols, aliyemwigiza, alisimulia mwenyewe kwamba siku alipoenda kujaribiwa alikuwa amebeba riwaya ya Robert Ruark inaitwa Uhuru, ya 1962, inahusu mambo ya Kenya, na Roddenberry akalipenda hilo neno, halafu likalainishwa mwishoni likawa Uhura. Nilipomwambia shangazi nilidhani atakasirika kwamba wametuharibia neno. Akanyamaza kidogo akasema jina likishavaliwa ni la mwenyewe. Jina la kwanza, Nyota, halikuwahi kutajwa kwenye skrini mpaka filamu ya 2009, yaani huyu mama alikaa kazini zaidi ya miaka 40 bila watazamaji kulisikia likitajwa.

Na hapa nitoke nje ya stori kidogo kwa sababu hii kitu huwa inanifurahisha sana. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, kulirushwa setilaiti ya NASA, lile shirika la anga la Marekani, kutoka kwa jukwaa la San Marco, lile la Waitaliano baharini karibu na Malindi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa hasa kwa kazi ya kutafuta miale ya eksirei angani, na kwa sababu ya hiyo siku wakaipa jina Uhuru. Hiyo Uhuru ndiyo ilisaidia kuonyesha kwamba kile kitu kinaitwa Cygnus X-1 huenda ni shimo jeusi. Kwa hivyo mwaka mmoja na nusu tu baada ya Uhura wa tivi kumaliza kazi, Uhuru wa kweli alipanda juu kutoka bahari yetu akaenda kusikiliza nyota. Shangazi alikuwa hajui. Aliniambia nirudie mara mbili.

Sasa tuje kwa Kiswahili. Episodi ya kwanza kabisa kuonyeshwa inaitwa The Man Trap, kuna kiumbe kinakula chumvi, kinakunyonya chumvi yote mwilini unakufa ukiwa na alama za mviringo usoni, na kinaweza kujigeuza kuwa mtu yeyote unayemfikiria. (Kuna stori tamu hapo, walikuwa wanatafuta vichupa vya chumvi vya karne ya 23, wakapata vya ajabu ajabu, halafu wakaogopa watu hawatajua ni vya chumvi, basi wakatumia vya kawaida, na vile vya ajabu wakampa Daktari McCoy viwe vifaa vyake vya upasuaji.) Sasa hicho kiumbe kinakutana na Uhura koridoni, kinajigeuza mwanaume mzuri mweusi, na kinamsemesha Kiswahili. Mwaka wa 1966! Lafudhi ni ya mtu amepewa karatasi asome, lakini shangazi alishika mkono wangu. Akasema, "Huyo shetani anajua pa kumshikia." Kwa sababu fikiria, msichana yuko mbali na kwao kiasi hicho, watu mia nne ndani ya chombo, na siku nzima anasikiliza lugha za watu wengine. Kitu ambacho kingemfanya asimame koridoni ni nini kama si mtu kumwita kwa lugha ya kwao?

Zingine nazipitia haraka. Ile ya ubongo wa Spock kuibiwa ni mbaya, tuliizima. Ile ya Kirk na Uhura kubusiana, ya Novemba 1968, inayosifiwa kila mahali, shangazi hakuipenda, alisema wale wawili wanalazimishwa na watu wanaowachezesha kama vikaragosi, na ukiangalia uso wa Uhura anaogopa, sasa tunashangilia nini. Sikuwa na jibu. Ile ya wanaume wawili, mmoja mweusi upande wa kulia na mweupe kushoto, mwenzake kinyume, wanachukiana mpaka wanafika kwao wanakuta watu wote wa sayari wameshamalizana na bado wanaendelea kufukuzana, hiyo tuliangalia kimya. Sisi tuliokuwa Nairobi Januari 2008, baada ya ule uchaguzi, hatuhitaji kuelezwa.

The Devil in the Dark, ya Machi 1967, hiyo ndiyo bora kwangu kati ya zote 79, hapo siyumbi. Wachimba migodi wanauawa na mnyama anayepita ndani ya mwamba kama kisu kwa siagi, zaidi ya watu 50 wamekufa, na wote wanataka auawe. Kumbe ni mama. Yale mawe ya mviringo wachimbaji walikuwa wanayavunja na kuyatupa ni mayai yake. Spock anaweka mikono juu yake, anasikia uchungu wake, anaulilia kwa sauti. Nikiwa mtoto niliogopa yule mnyama. Sasa nina watoto wawili, nililia pale mwanzo kabisa, kabla hata ya kufichuliwa, kwa sababu nilikuwa najua yale mawe ni nini na nilikuwa naona yamevunjwa.

Sawa. Jumapili iliyopita.

Tulianza na Who Mourns for Adonais?, ya tarehe 22 Septemba 1967, ile ya Apolo, yule mungu wa Wagiriki. Mitambo ya mawasiliano imezimwa na Uhura ako chini ya meza yake amefungua kila kitu, ana kifaa mkononi anaunganisha waya na waya, anamwambia Spock kwamba hii kazi inataka uangalifu sana, akikosea kidogo tu anachoma kila kitu, na ana miaka hajaifanya. Spock anamwambia hajui mwingine yeyote anayeiweza kumshinda yeye, aendelee. Basi, anaendelea, na inakubali. Shangazi alipiga makofi. Alisema katika miaka yake yote kazini hakuna bosi aliwahi kumwambia maneno hayo, na waya alikuwa anatengeneza mwenyewe na pini ya nywele fundi akichelewa.

Halafu ikaingia inayofuata, The Changeling, ya tarehe 29, yaani wiki moja tu baadaye. Nilikuwa nimeisahau. Kuna mtambo unaitwa Nomad, ulitumwa kutoka Dunia miaka mingi nyuma, ukagongwa na kimondo, ukaungana na mtambo mwingine wa wageni, sasa umechanganyikiwa unafikiri kazi yake ni kuangamiza kila kitu chenye kasoro. Uko ndani ya Enterprise, unamsikia Uhura anaimba. Anaimba tu kazini, vile mtu huimba. Mtambo unakuja kumuuliza kuimba ni nini na kwa nini anaimba. Hajapata hata nafasi ya kujibu vizuri, unamfuta. Unafuta akili yake yote, kila kitu alichowahi kujua tangu azaliwe, halafu unasema hicho kifaa kina kasoro. Scotty, fundi wa chombo, anajaribu kumwokoa anauawa, na baadaye mtambo unamfufua Scotty, lakini akili ya Uhura wanaambiwa haiwezi kurudishwa. Itabidi afundishwe upya.

Halafu kuna hiyo dakika. Uhura amekaa kwa wodi ya chombo, muuguzi Chapel kando yake, wanamfundisha kusoma kama mtoto wa nasari. Mbwa ana mpira. Anafika kwa neno moja, la rangi, linamkwama. Analijaribu vibaya, analirudia, linakataa. Na akishikwa na hasira, kinachotoka mdomoni ni Kiswahili. Muuguzi anamwambia hapana, si Kiswahili, kwa Kiingereza. Halafu wanahamia kwa mambo ya Kirk na mtambo, na daktari anasema wiki moja atakuwa amerudi kazini.

Rimoti ilikuwa kwangu na shangazi akanyoosha mkono akaichukua, akasimamisha.

Niwaambie kuhusu susu. Susu aliuza nguo na vyombo Nairobi miaka 40, Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kikali, kinacheka, alikuwa anaweza kubishana bei na watu wanne kwa wakati mmoja, na Kiingereza cha kutosha kumkaripia mtu. 2004 akapata kiharusi. Alipoamka hospitalini Kiswahili kilikuwa kimeenda na Kiingereza kimeenda. Kilibaki Kikamba peke yake, na cha zamani, cha utotoni, maneno mengine hata shangazi alikuwa hajui. Alikuwa anaomba maji. "Kiw'u," anasema. "Kiw'u." Na nesi, ambaye alikuwa na wodi nzima peke yake na hakuwa mtu mbaya, anamwambia, "Shosho, ongea Kiswahili, sikuelewi. Kiswahili, shosho." Shangazi aliwakuta hivyo alipoingia saa za kuona wagonjwa. Hajui susu alikuwa ameomba kwa muda gani. Hicho ndicho kitu kimoja hajawahi kuzoea, yeye aliyelipwa maisha yake yote kusikia mtu nyuma ya kelele, kwamba hakuwa kwa laini hiyo asubuhi.

Hakuwahi kuniambia hii stori. Miaka 20 na zaidi. Ameniambia juu ya Star Trek ikiwa imesimamishwa, Uhura ameshika kitabu mdomo wazi.

Akasema, "Yule chuma alisema amefuta kila kitu. Hakufuta. Angalia, kimebaki." Na ni kweli, sijui walioandika walikusudia ama walitaka tu kuonyesha ametoka wapi, lakini iko pale kwa skrini: mtambo wenye nguvu ya kuua sayari umepitisha mkono kwa akili ya huyu mwanamke na Kiswahili hakikutoka, kilikuwa chini kuliko mahali mkono ulifika. Halafu mtu wa kwanza kumfundisha upya anamwambia asikitumie.

Akabonyeza ikaendelea, akarudisha nyuma, akaiweka tena kutoka pale mbwa ana mpira. Uhura akafika kwa lile neno, likamkwama. Na shangazi yangu wa miaka zaidi ya 70, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa mtoto, sauti ya kazini, laini, haina haraka, kila silabi mahali pake, akaiambia tivi, "Samawati, mama. Sema samawati."

Aliirudisha mara tatu.

Nichelle Nichols alikuwa anataka kuacha hiyo kazi baada ya sizoni ya kwanza, na alisimulia kwamba ni Martin Luther King aliyemwomba abaki. Baadaye, kuanzia 1977, alizunguka Marekani akiitafutia NASA wanawake na watu weusi wa kwenda angani. Alifariki tarehe 30 Julai 2022 akiwa na miaka 89. Natamani angejua kulikuwa na opereta Buruburu anayemjibu.

Tukaweka ile ya wiki inayofuata, Mirror, Mirror. Uhura ako kazini, amevaa kisu, ni mkali, anafanya mambo ya ujasiri kabisa, na hakuna mtu hata mmoja anayemuuliza wewe unaendeleaje, ulikumbuka mama yako, wimbo ule unaujua bado. Shangazi hakusema kitu. Alisogeza kiti karibu na tivi tu.

Jioni nikarudi. Niko natembea kutoka Muthurwa kwenda Railways simu ikalia, ni yeye. Kabla nifungue mdomo akaniambia, "Usiniambie uko wapi. Ngoja." Nikasimama. Kuna kondakta anaita watu, kuna mtu anauza mahindi anapepea jiko, kuna redio ya kibanda, gari moshi lile la jioni linapiga honi. Nikasikia anapumua kwa upande wa pili.

"Muthurwa," akasema. "Umevuka barabara. Na hujafunga koti."